Kati ya Kusema na Kusoma

Nyumbani kwa Charity Bledsoe siku haikuanza na kengele wala basi la manjano la shule. Ilianza na harufu ya mikate laini ikitoka ovenini, mchuzi mweupe wa soseji ukitokota taratibu jikoni, na watoto watatu wamezunguka meza ambayo baada ya chai ingekuwa meza ya hesabu, na jioni ingerudi kuwa meza ya chakula. Joel, mumewe, ndiye aliyeitengeneza kwa mbao za mwaloni mwaka waliooana. Sasa ilikuwa na madoa ya rangi, mikwaruzo ya penseli, na kishimo kimoja ambacho Obed, kitinda mimba, alikuwa akikichimba kwa uma kila mama alipogeuka. Charity hakuipaka vanishi tena. Wageni wakiitazama sana, aliwaambia, "Hiyo ndiyo ripoti yao ya shule."

Walikaa nje kidogo ya mji, huko Missouri, kwenye vilima vyenye mawe mengi kuliko udongo. Walikuwa na mbuzi, kuku, bustani iliyopigana na magugu, na friza iliyojaa nyama ya kulungu tangu msimu wa kuwinda. Na walikuwa na desturi yao. Vyombo vikiisha kuondolewa, Charity alifungua Maandiko, yale ya lugha ya kale ambayo babu yake aliyatumia kuhubiri, akasoma mstari mmoja. Judson, mkubwa, akaurudia. Tirzah, wa kati, akaurudia. Hata Obed akaurudia, mkate mdomoni. Kidole cha mama kilipita chini ya kila neno, na vidole vya watoto vikakifuata.

Judson alijifunza kusoma hivyohivyo, bila kufundishwa hata herufi moja. Siku moja, bado mdogo, alisoma kibao barabarani, mama yake akasimamisha gari pembeni akalia kwa furaha. Charity akaamini kwamba amepewa njia. Akaanza kuwafundisha na akina mama wengine wa umoja wao, wale waliosomesha watoto wao nyumbani na kukutana kila Ijumaa katika ukumbi chini ya kanisa. "Wasikilizisheni Neno," alikuwa akiwaambia. "Masikio yakishiba, macho yatafuata yenyewe." Wakaandika. Wakaenda kufanya.

Tirzah ndiye aliyekuwa ushahidi wake mkubwa. Alikuwa mtoto mwembamba, nywele rangi ya majani makavu, sauti nzito kuliko mwili wake. Alipokuwa na miaka mitatu alijua zaburi ya mchungaji yote. Alipofika sita alisimama mbele ya kanisa, kitabu wazi mkononi, kidole kikitembea, akasoma sura nzima bila kukwama, na wazee wakafuta machozi. Sasa alikuwa amegonga tisa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anajua kusoma. Nani amuulize samaki kama anajua kuogelea?

Mtu pekee ambaye hakuwahi kufuta machozi alikuwa Verna, mama yake Joel. Verna alikuwa amefundisha darasa la kwanza katika shule ya mjini hadi akastaafu, na mpaka sasa vijana wenye ndevu walimsalimu dukani wakiwa wamenyooka kama wanangoja ruhusa ya kwenda chooni. Sikukuu moja ya Shukrani, bata mzinga akiwa ameliwa nusu, alisema mbele ya ukoo wote, "Watoto si kuku, Charity, mtu akae anawafuga uani."

Charity akamjibu, "Wala si ng'ombe, mama, wa kupakiwa asubuhi na kushushwa jioni."

Joel, kwa kutafuta amani, akasema, "Mama, tuachie. Siku mtoto wangu mmoja akishindwa kusoma, mimi mwenyewe nitampandisha basi." Watu wakacheka, viazi vikapitishwa. Tangu hapo mkwe na mkaza mwana walipendana kwa adabu tu, ile ya kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Basi Jumapili moja, baridi ikiwa inaelekea kuisha, walikula chakula cha mchana kwa Verna. Walipomaliza, Charity akawa anapangusa sahani mlangoni mwa jiko, na Verna ameketi sebuleni na Tirzah ubavuni. Verna alikuwa na Maandiko yake ya maandishi makubwa, yale ya lugha ya siku hizi.

"Nisomee ya mchungaji, kipenzi cha bibi," alisema. "Miwani yangu nimeisahau kwenye pikapu."

Tirzah akakipakata kitabu, akaweka kidole, akaanza. Sauti yake ikajaa sebule. Charity alitabasamu, akasogea hadi nyuma ya kochi, akatupa jicho kwenye ukurasa juu ya bega la mwanawe. Tabasamu likamfia usoni.

Ukurasa ulisema maneno ya siku hizi. Tirzah alikuwa anasema yale ya kale.

Hakuwa anayabadili. Alikuwa anayasema kama alivyoyasikia mezani kila asubuhi, na kidole chake kilikuwa kinatembea tu kwa kufuatana na sauti, kama mtoto anayecheza piano juu ya meza. Penye neno moja fupi alisema matatu. Penye maneno matano alisema mawili. Mwishowe kidole kikafika ukingoni mwa zaburi, na mdomo ulikuwa bado njiani. Tirzah akakiacha pale kikingoja.

Charity akainua macho, yakakutana na ya Verna. Miwani au hakuna miwani, mwanamke yule alikuwa ameona.

"Umesema vizuri, mwanangu," Verna akamwambia Tirzah, akimpapasa nywele. "Haya, kakate pai. Kipande kikubwa ni chako."

Hakusema, umesoma vizuri. Alisema, umesema. Kati ya maneno hayo mawili pana herufi moja tu, lakini Charity aliirudia njia nzima ya kwenda nyumbani.

Kesho yake hakufungua mahali pa kawaida. Alimkalisha Tirzah peke yake, Judson yuko kwa mbuzi na Obed yuko chini ya meza, akafunua majina ya vizazi, fulani akamzaa fulani, mahali ambapo hawajawahi kusoma pamoja.

"Nisomee hapa, mwanangu."

Tirzah akaangalia. Akaweka kidole. Akangoja. Kisha akainua uso, hana wasiwasi hata kidogo.

"Hii hujanipa bado."

"Sijakupa nini?"

"Maneno yake. Wewe nisomee kwanza, halafu na mimi nitasoma."

Charity alisogeza kidole cha mwanawe hadi kwenye neno la kwanza. "Tirzah. Ukiangalia hapa, unaona nini?"

"Naona maandishi."

"Yanakwambia nini?"

Mtoto akacheka, akidhani anataniwa. "Mama na wewe! Hayasemi. Unayaangalia, halafu unasema yaliyo moyoni. Si ndivyo mnavyofanya nyote?"

Hapo ndipo Charity alipoumia hasa. Kama angekuwa amedanganywa, angepata pa kukasirikia. Lakini mtoto hakudanganya. Tangu azaliwe aliona watu wakiangalia kitabu na kusema maneno wanayoyajua, naye akafanya vilevile, tena kwa bidii kuliko wote.

Alimtafuta Joel bandani, amepiga goti anakata kwato za mbuzi. Akamwambia yote pale pale, mikono ameikunja ndani ya sweta. Joel alisikiliza mpaka mwisho. Mbuzi naye akatulia kama anasikiliza.

"Hata neno moja?" aliuliza.

"Jina lake analijua. La Obed anajua kwa sababu lina duara mbele."

"Na ni tisa sasa."

"Najua ni tisa, Joel. Nilikuwepo akizaliwa."

Joel akaweka mkasi chini. "Yale niliyomwambia mama siku ile..."

"Ulisema utampandisha basi wewe mwenyewe."

"Nilikuwa nimeshiba bata mzinga. Maneno ya mtu aliyeshiba hayahesabiwi." Lakini hakucheka, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini. "Mke wangu, mimi nakuamini. Ila mtoto kwanza, sisi baadaye. Tujaribu mpaka shule zifungwe. Kama bado, mwaka ujao aende mjini. Sitaki aje kuwa mama wa watu huku hajui kusoma chupa ya dawa."

Charity alikubali. Kumpandisha Tirzah basi ilikuwa kama kukiri kwamba wito aliousikia miaka yote haukuwa wito, ulikuwa upepo. Na zaidi ya hapo alikuwa akiogopa jambo moja dogo. Tirzah aingie darasa la watoto wa miaka sita, magoti yake yakigonga meza, na mtu amcheke.

Mficha maradhi kilio humfichua. Siku ya pili yake akaendesha gari hadi kwa Verna. Alimkuta anatwanga maganda ya mayai kwa ajili ya bustani.

"Leo umekuja bila keki," Verna alisema bila kugeuka. "Basi shida ni kubwa."

"Mama, uliona."

"Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme mbele ya nani? Ya mtoto? Mimi nina kinywa kibaya, Charity, lakini sijakosa akili." Akafuta mikono kwenye aproni. "Kaa. Usinililie kwanza, kahawa haijachemka."

Charity akakaa, akalia hivyohivyo. Alisema maneno yote aliyokuja nayo: kwamba amemharibia mwanawe, kwamba kuna akina mama wengine wanafanya kama yeye alivyowafundisha, kwamba Verna ana haki ya kumsimanga mpaka jua lizame.

"Hamu ninayo," Verna alikiri. "Nimeiweka tangu ile sikukuu. Lakini nikikuangalia inakuwa haina utamu." Akasukuma kikombe upande wake. "Kila mwaka darasani kwangu alikuwepo mmoja. Anajua hadithi zote, anafunua kurasa mahali penyewe. Mimi namsifu. Naja kugundua mwezi wa kumi na mbili! Hawa ndio watoto wenye masikio. Wakisikia mara moja wamenasa, sasa waangalie herufi za nini? Judson alivunja nazi mwenyewe akala. Huyu alikuwa anapewa tui tayari, kila siku, kwenye kikombe."

"Basi nifanye nini?"

"Umnyime tui." Verna akafikiri. "Kuna jambo moja tu gumu. Tunahitaji kitu ambacho hajawahi kukisikia. Na katika nyumba ile, mwanangu, sijui tutakipata wapi."

Alikuwa amesema kweli. Asubuhi iliyofuata pikapu ya Verna ilipoingia uani, wakatafuta rafu kwa rafu. Vitabu vya hadithi, Tirzah alivijua. Nyimbo za tenzi, zote na beti zake. Vitabu vya wanyama, Joel alikuwa amewasomea wakati wa theluji. Hata kitabu cha sayansi cha Judson, Tirzah alikisikia akiwa anakunja nguo. Mama na mkwe wakakaa sakafuni katikati ya vitabu kama watu waliofiwa, mpaka Verna akaanza kucheka.

"Umewasomea mno, Charity! Sijawahi kumlaumu mzazi kwa kosa hilo."

Wakaanza na sauti. Charity akamwaga unga wa mahindi kwenye sinia la kuokea, Tirzah akachora herufi kwa kidole, akatamka sauti yake, akatikisa sinia ikafutika. Wakakata herufi za karatasi ya msasa, mtoto akazipapasa macho yamefungwa. Verna alileta ubao wake wa kitambaa, ule wa kubandika picha za manabii na kondoo, lakini manabii akawaweka kando, akabandika herufi tupu. Neno la herufi tatu. Toa ya mwanzo, weka nyingine. Sasa linasemaje? Obed naye alipanda kiti akataka zamu, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akashika sauti kadhaa kabla ya dada yake.

Hilo lilimuuma Tirzah. Jumatano moja alisukuma sinia, unga ukamwagika mpaka kwenye mikunjo ya sweta ya bibi yake, akakimbilia bandani. Charity alimkuta kwenye majani makavu, ameegemea mbuzi mwenye mimba.

"Mama," alisema, "zamani nilikuwa najua kusoma. Sasa sijui."

Charity aliketi. Majani yakamchoma miguuni. Angeweza kumwambia kwamba zamani hakujua, na ingekuwa kweli, lakini kweli nyingine ni kama maji ya moto, huwezi kumwagia mtoto.

"Ulichokuwa nacho hakijaondoka," alisema mwishowe. "Umeme ukikatika usiku, baba yako hawezi kusoma. Mimi siwezi. Wewe unaweza, kwa sababu vyako viko ndani. Hicho ni chako na hakuna wa kukunyang'anya. Sasa tunakutafutia cha pili."

"Cha pili ni kigumu."

"Ni kigumu. Mimi ndiye nilisahau kukupa. Si wewe."

Tirzah akafikiri, akimkuna mbuzi shingoni. "Obed ananiringia."

"Obed anavaa kaptura nyuma mbele. Mwache aringe."

Mtoto akacheka kwa kujiiba. Wakakaa kidogo. Ukutani, juu ya msumari, palining'inia chupa ya dawa ya mbuzi, na Tirzah, kwa kuwa macho hayakuwa na kazi nyingine, akawa anaiangalia. Midomo ikaanza kutikisika. Charity akajizuia asipumue.

"Mi," alisema Tirzah. "Mi... nyo. Minyo... o." Akageuka, macho yamemtoka. "Minyoo! Mama, imeandikwa minyoo!"

Hivyo ndivyo neno la kwanza alilolisoma Tirzah Bledsoe, binti wa nyumba iliyojaa zaburi, lilivyokuwa minyoo. Verna alipoambiwa alicheka mpaka akashika ubavu. Tena akasema hazina imepatikana. Kuanzia siku ile walisoma kila kilichokuwa hakifai kusomwa: gunia la chakula cha kuku, mgongo wa pakiti ya mbegu za bamia, kanuni za msimu wa kuwinda bata mzinga, maelezo ya kufungua mashine ya kukatia nyasi. Charity alimwandikia vikaratasi akavificha, kimoja chini ya kuku anayeatamia, kimoja ndani ya kiatu cha baba. "Nenda kwenye friza." "Mtafute Judson, mpe kofi la upole." Judson alilalamika kwamba elimu ya watu wengine inamuumiza. Hakuna hata kimoja ambacho Tirzah angeweza kukisema kwa ghibu. Ilibidi aangalie.

Alikwenda polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Siku nyingine alisahau ya jana. Siku nyingine Verna na Charity walibishana jikoni kwa sauti za chini, mmoja anataka mazoezi zaidi, mwingine anataka mtoto akapumzike kwa mbuzi. "Mama, amechoka." "Amechoka au wewe umechoka?" "Wote, na wewe pia, unasinzia umesimama." Miti ya mlimani ikachanua maua ya zambarau, kisha ikaweka majani.

Ndipo Dalene Pruitt alipopiga simu. Dalene ndiye aliyekuwa anauongoza umoja wao wa Ijumaa, mwanamke mwema aliyependa mambo yanyooke. Jioni ya maonyesho ya mwisho wa mwaka ilikuwa imekaribia.

"Charity, mpenzi, wewe utazungumza na akina mama wapya kuhusu njia yako, kama kawaida. Na Tirzah atatusomea kama kawaida. Mume wangu ananiuliza kila siku, yule mtoto wa sauti yupo?"

Charity alishika simu akitazama dirishani. Ilikuwa rahisi mno. Kitabu wazi, kidole kitembee, sauti ijae ukumbi. Nani angejua? Na shule zilikuwa zinafungwa wiki ileile.

"Nitakupigia," alisema.

Tirzah alikuwa mezani, amesikia. "Mama, niseme tu kama zamani?"

Charity aliweka simu mezani, akiona aibu kwamba wazo hilo lilimjia na yeye. "Wewe unataka nini?"

"Nataka kusoma ya mchungaji. Kwa macho."

Verna, aliyekuwa anamenya viazi, akageuka na kisu mkononi. "Hapana, kipenzi, hiyo uliijua kabla hujaota magego. Hapo ndipo penye utelezi. Mdomo utakutangulia, na macho yatabaki nyuma. Tuchague nyingine usiyoijua."

"Lakini bibi," Tirzah alisema, "nataka kuona kama ndivyo ilivyoandikwa."

Verna akamtazama mkaza mwana wake. Charity akamtazama Verna. Viazi vikasahaulika. Jambo hilo hakuna mtu mzima mle ndani aliyewahi kulifikiria: kwamba mtoto amebeba maneno yale miaka yote kwa kuwaamini wao tu, na sasa anataka kwenda kuyaona mwenyewe nyumbani kwao.

"Basi na asome," alisema Verna.

Jioni yenyewe ukumbi ulijaa. Meza moja ilibeba mabakuli ya viazi vilivyookwa na jibini, maharage matamu, mkate wa mahindi na chai baridi ya sukari. Nyingine ilibeba volkano za udongo, ramani, vipepeo wa kuchomwa pini, na piramidi ya sukari iliyoanza kulambwa na watoto wadogo. Kabla ya chakula Charity alikaa na akina mama wapya kwenye kona.

"Mwaka jana niliwaambia wenzenu wasikilizishe watoto Neno, macho yatafuata," alianza. "Endeleeni kuwasomea. Msiache. Lakini kwa mwanangu macho hayakufuata, na mimi sikujua kwa miaka, kwa sababu nilipenda sana kumsikiliza. Si njia kamili ile. Ina tundu, na mtoto wangu alipita humo."

Dalene, aliyesimama nyuma na jagi la chai, aliacha kumimina.

Mama mmoja kijana, amembeba mtoto begani, akauliza, "Sasa mimi nitajuaje wangu?"

"Mpe kitu ambacho hajawahi kukisikia," Charity alisema. "Chochote. Mimi nilisaidiwa na dawa ya mbuzi." Wakacheka, akawaeleza yote, sinia na unga, herufi za msasa, vikaratasi chini ya kuku. Alisema nani aliyemfundisha, akamwonyesha kwa kidole. Verna akajifanya anatafuta kijiko.

Kisha Tirzah akaitwa.

Alipanda jukwaani na gauni la bluu, kitabu kile cha lugha ya kale mikononi, na kipande cha karatasi ngumu. Akakifungua kitabu. Akaiweka karatasi chini ya mstari wa kwanza ili uliofuata usionekane. Watu wakaegemea viti vyao, tayari kwa ile sauti.

Sauti haikuja. Kilichokuja ni neno moja. Kisha kimya. Kisha neno jingine.

Viti vikalia. Mumewe Dalene akamtazama mkewe. Safu ya mbele mwanamke mmoja mwenye huruma akaanza kumnong'oneza maneno, kwa kuwa kila mtu mle ukumbini aliyajua.

"Mwacheni!" Verna alifoka kutoka nyuma, kwa sauti iliyonyoosha migongo ya wanaume wazima kadhaa. "Hajaomba msaada."

Tirzah hakuinua uso. Alishusha karatasi. Mstari wa pili. Wa tatu. Charity alikuwa amekaa kati ya Joel na Judson, amekamata kitambaa cha gauni lake, na hofu yake ilikuwa moja tu. Hakuna mtu duniani angeweza kumwambia kama mwanawe anasoma au anasema. Maneno yalikuwa yaleyale. Labda amepunguza mwendo tu, kwa kuwapendeza. Labda ndani mdomo bado unatangulia, na macho yanafuata nyuma kama siku ile kwa Verna. Hata yeye, mama yake, hakujua. Na kesho kutwa shule zinafungwa.

Mtoto akafika kwenye bonde, pale panapotajwa kutembea. Lugha ya watu wa Missouri ina hila, na neno lao la kutembea lina herufi moja katikati inayoandikwa lakini haitamkwi. Mtoto anayesema kwa ghibu hakosei pale hata siku moja, kwa kuwa hajui kama herufi hiyo ipo. Tirzah alikuwa amelisema neno lile bila kosa tangu akiwa na miaka mitatu.

Aliliangalia. Akalipitia sauti kwa sauti. Akaitamka ile herufi, yote, ulimi ukagonga meno, na neno likatoka limepinda, halifanani na lolote.

Ukumbini watu wakaguna kwa huruma. Mtoto mmoja akacheka akafinywa.

Joel aliinamisha kichwa. "Amekosea," alinong'ona, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuliona basi likija.

"Ndiyo," Charity alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi kidevuni na hakuyafuta. "Joel, amekosea! Umesikia? Amekosea pale!"

Joel akamtazama mkewe asielewe. Halafu akaelewa. Akageukia jukwaa, mkono mdomoni.

Jukwaani Tirzah alikuwa amesimama palepale, amekunja uso. Lile lililotoka mdomoni halikufanana na alilolijua tangu utoto. Akainama karibu zaidi na ukurasa, akaiangalia ile herufi kwa kuishuku, kama mtu anayemtazama mgeni aliyemkuta ameketi nyumbani kwao. Akajaribu tena bila hiyo. Safari hii neno likanyooka. Akatikisa kichwa kidogo, akishangaa, akashusha karatasi mstari mmoja.